Shimo la kubuniwa, jasho la kweli

Kila mara filimu ya wachimbaji inapopita ku televizyo mangaribi, mambo yanakuwa yale yale mu nyumba zetu. Mchezaji anatoka chini ya ardhi, shati nyeupe, kofia ya kazi inang'aa kama sahani ya arusi. Papa, mwenye kurudi ku kazi na mgongo wa kuuma, anacheka: «Uyu hayaingiakamo mu shimo hata siku moja!» Basi, filimu imekwisha. Picha zinaendelea, lakini mu ile nyumba hakuna tena mwenye kuziamini.

Lakini papa yule yule na watoto wake wanakaa kimya wakati kambo anahadithia mambo ya Kalulu. Sungura anasema, anakopa, anadanganya simba, na hakuna mtu anauliza: sungura anasema namna gani? Kwa nini tunamwamini sungura mwenye kusema, tunamkataa mtu mwenye shati safi?

Sisi tunaona jibu liko hivi. Msikilizaji anampa msimuliaji jambo moja kubwa bure: sungura aseme, hakuna neno. Lakini yale madogo anayoyajua ku mwili wake, hayatoi bure. Kalulu akiwa na njaa, lazima atafute chakula. Mtu akitoka mu shimo, lazima awe na vumbi. Dunia ya kubuni inasimama wakati kila kitu ndani yake kina bei yake, na kuko mtu mwenye kuilipa.

Tuchukue mfano wa zamani, wa watu wa kazi yetu. Mu mwaka 1885, mwandishi Mfaransa Émile Zola alitoa kitabu chenye jina Germinal. Kinasimulia maisha ya wachimbaji wa makaa ya mawe, kaskazini ya Ufaransa. Mji unaitwa Montsou, shimo linaitwa Voreux. Usiyatafute ku karte: vyote viwili Zola alivibuni.

Zola alikuwa mtu wa kalamu, hakuwa mchimbaji. Lakini mbele ya kuanza kuandika, mu mwezi wa pili 1884, alisafiri mpaka Anzin, ambako wachimbaji walikuwa wametoka tu kuanza mgomo. Alikaa karibu juma moja. Mbunge Alfred Giard alimsaidia kufungua milango. Aliingia mu nyumba za kambi, akaingia mu vilabu, kisha akashuka mwenyewe mu shimo, kule Denain. Mambo aliyoyaona aliyaandika mu daftari.

Na aliona nini? Angalia nyumba ya Maheu mu ile kitabu. Watu kumi: kambo, baba, mama na watoto saba. Saa kumi ya alfajiri, Catherine, binti wa miaka 15, njo anaamka wa kwanza. Kahawa imekwisha, basi anamwanga maji ya moto juu ya mabaki ya jana. Wakirudi ku kazi, wanaoga mu pipa lililokatwa nusu, pale jikoni, mmoja kisha mwingine. Mama wa kambi ya Kolwezi ao ya Kipushi akisoma pale, hakuna haja ya kumfasiria. Ufaransa hajafika, lakini ile jiko anaijua.

Chini ya ardhi kuko farasi mweupe, Bataille, wa kuvuta vigari. Miaka kumi hajaona jua. Zola hatuambii kwamba shimo ni baya. Anatuonyesha ile farasi, sisi wenyewe tunaelewa.

Kisha inakuja bei. Kompani inasema: miti ya kushikilia dari, ile kazi ya boisage, haifanywi muzuri. Sasa italipwa kando, lakini kila kigari cha makaa kitashuka kutoka santimu 50 mpaka 40. Wachimbaji wanapiga hesabu na wanaona: tumepoteza. Kutoka ile hesabu kunazaliwa mgomo, kutoka mgomo njaa, kutoka njaa hasira, mpaka asikari wanapiga risasi na watu wanakufa. Hakuna mchawi wa kusukuma mambo, jambo moja linavuta lingine. Kama ungetoa zile santimu 10, kitabu chote kingeanguka kama dari isiyo na mti.

Mu mwaka 1902, Zola alipozikwa ku Paris, wachimbaji wa Denain walikuja ku maziko, wakatembea wakipaza sauti ya neno moja: Germinal. Mji ulikuwa wa uongo, lakini wao walijiona ndani.

Na huku kwetu? Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka kundi la Mufwankolo, ku radio na ku televizyo. Walicheza mu Kiswahili chetu, bila maneno ya kuandikwa mbele. Mu mwaka 1986 walitengeneza mchezo juu ya mfumu na utawala wake, mu kijiji cha kubuni. Watu waliamini kwa sababu namna ya kusalimia mfumu, namna ya kugombana na ya kuomba musamaha ilikuwa namna yetu. Karibu zaidi, mu 2014, Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa Tram 83. Aliita mahali pake Ville-Pays: stesheni isiyokwisha kujengwa, bar moja, ma-creuseurs na wanafunzi usiku kucha. Ku karte hakuna Ville-Pays, lakini mwenye kupita mu miji ya migodi anasikia harufu yake.

Sasa, kwa nini tunawaandikia haya, ndugu wasomaji? Kwa sababu ufundi huu hauko mu vitabu tu. Kila mwaka tunasikia habari ya carrière mpya, kule mbali, ambako mawe yako juu juu, unaokota tu. Mwenye kuisimulia anajua kazi yake: anataja mto, anataja mti mkubwa ku njia, anataja rafiki aliyerudi na moto mpya. Kijana anauza kitanda na anakwenda. Mama anabaki na deni ya bukari ku duka.

Hapo njo tofauti inaonekana. Zola alibuni shimo, lakini alitaja bei ya kigari na mti wa kushikilia dari. Mwenye kukudanganya anataja mali tu, bei haitaji. Basi umuulize: Nani analipa boisage? Maji yanatolewa namna gani? Mufuko unapimwa ku kilo ya nani? Kama hadithi yake haina jibu, ile carrière ni shati nyeupe.

Na mtoto akiwa na hadithi ya kuandika juu ya kazi ya papa, papa asimfukuze. Amwambie mufuko una uzito gani, begani gani unauma, na nini mama anasema akimwona amerudi mzima.