Video ya trai 11 na wakala wa Sh60,000: Je, winga wa Gataka anatosha raningibeki Marekani?

Ukishuka nganya Rongai ukashika njia ya Gataka Jumamosi jioni, vumbi ndilo hukupokea kwanza. Huko ndiko nilikoitwa wiki mbili zilizopita na kijana wa miaka 18, winga wa raga aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka jana. Jina lake tutaliacha, kwa ombi lake. Alitaka nimtazamie video. Mimi si kocha. Ni mwandishi tu wa michezo ambaye usiku hukesha akitazama futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mabega ya plastiki, wakati majirani wamelala. Lakini mtaani ukijua kitu kidogo tayari wewe ni mtaalamu.

Kisa ni hiki. Kuna jamaa wa mtandaoni anayejiita wakala. Aliona klipu ya kijana akifunga trai, akamwandikia kwamba vyuo vya Marekani vinatafuta raningibeki wa aina yake, na kwamba kwa Sh60,000 atamfanyia "tathmini rasmi", ampe nyota tatu na kumtafutia skolashipu. Mamake kijana, anayeuza mboga karibu na steji, alikuwa tayari ameongea na wenzake wa chama kuhusu mkopo.

"Wewe unajua hii mambo, niambie tu ukweli," akaniambia huku akifunga sukuma za mteja. "Huyu mtoto anatosha ama hatoshi?"

"Mama, wacha kwanza nione," nikamjibu.

Tukae sawa kuhusu kazi yenyewe kwanza. Raningibeki ni mchezaji anayesimama nyuma ya kwotabeki, anapokezwa mpira mkononi, kisha anatafuta mwanya katikati ya ukuta wa majitu ya kilo 130 na kupita. Akipita vizuri, yadi nne. Akikosea, anazikwa. Ukiangalia kwa haraka utasema hiyo ni raga, na ndiyo sababu kila winga mwenye mbio Kenya ameshawahi kuambiwa na rafiki yake, "Mazee, wewe ungeenda NFL."

Basi tukaifungua video. Dakika mbili na sekunde 40, trai 11, muziki wa kupasua masikio. Nikamwomba azime sauti na turudie polepole.

Katika trai nane kati ya hizo 11, kijana anapokea mpira akiwa pembeni, mbele yake nyasi tupu, na anakimbia. Raha kutazama, kweli. Lakini kocha wa Marekani hapo anaandika neno moja tu: mbio. Raningibeki hapewi nyasi tupu. Anapewa mpira yadi tano nyuma ya mstari, mbele yake kuna fujo, na anatakiwa asubiri nusu sekunde hadi wenzake wasukume, aone ufa, kisha alipuke. Wao huita hiyo "kuona". Winga hafundishwi kusubiri. Winga hufundishwa kukimbilia nafasi kwa kasi yote.

Kisha nikaona kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa amekiona. Trai tisa ameufunga mpira mkono wa kulia, hata anapokimbia ukingoni kushoto na wakabaji wanamjia kutoka kulia. Yaani mpira uko upande wa adui. Kwenye raga ukiangushwa unatakiwa uuachie mpira hata hivyo, kwa hivyo kosa hilo halikuumizi sana. Kwenye futiboli ya Kimarekani mpira ukikuponyoka kabla hujaanguka ni msiba, na raningibeki anayeangusha mpira hukalishwa benchi hata awe na mbio za swara. Kocha angeuliza papo hapo: video za mechi nzima ziko wapi? Anataka kuona zile mara ambazo mambo yalienda mrama. Kijana akacheka kwa haya. "Hizo nilikata."

Jambo la tatu halikuwepo kwenye video kabisa, na haliwezi kuwepo. Kwotabeki anapotaka kurusha mpira, raningibeki mara nyingi hubaki nyuma kumlinda. Anasimama mbele ya mkabaji wa kilo 110 anayekuja mbio na kumzuia kwa kifua. Kwenye raga, kumzuia mtu asiye na mpira ni penalti. Kwa hivyo kijana wetu ametumia miaka minne akifundishwa asifanye kitu ambacho chuo kingemwajiria. Hapa ndipo wanaraga wengi hukwama, na hata mashabiki hawajui kwa nini.

Lakini nisiwe mnoko. Kuna trai ya saba. Anagongwa kiunoni, anayumba, mkono unagusa chini, anainuka na kuendelea, kisha wa pili anamdaka begani na yeye anajizungusha na kutoka. Nilirudia mara nne. Hiyo ndiyo klipu ingekuwa ya kwanza, si ya saba. Makocha wana video nyingi na subira kidogo. Wakiboeka na tatu za mwanzo wanafunga. Uwezo wa kugongwa na kubaki wima ni kitu wanachokitafuta sana kwa raningibeki, na ni vigumu kumfundisha mtu.

Tukaenda uwanjani. Kipimo maarufu ni yadi 40, ambazo ni mita 36.58. Tulipima kwa tepu ya fundi, mita tano mara saba, tukaongeza mita moja na nusu na ushee. Ndugu yake mdogo akashika saa ya simu. Mbio tatu: sekunde 4.81, 4.74, 4.92. Dogo akaruka juu, "Bro, 4.7!"

Mbio hiyo ya pili nilikuwa pia nimeirekodi kwa simu yangu, picha 60 kwa sekunde. Nilipohesabu picha moja moja tangu mwili uliposogea hadi kifua kilipovuka, ilikuja 4.9. Kidole cha binadamu huchelewa kubonyeza mwanzo, na hapo mkimbiaji anapata zawadi ya karibu sekunde 0.2. Ndiyo maana kocha wa Marekani hasikii lolote kuhusu muda wa saa ya mkononi. Anataka wa mashine, au muda wako wa mita 100 kutoka mashindano ya riadha yenye kipimo cha umeme. Raningibeki wanaosajiliwa na vyuo vikubwa hukaribia 4.4 hadi 4.6. Chris Johnson, raningibeki aliyevuma Tennessee, alikimbia 4.24 mwaka 2008. Kweli, yeye alikuwa kwenye sakafu ya ndani na viatu vya kazi. Kijana wetu alikuwa kwenye murram na raba za kuazima. Hiyo inaeleza sehemu ya tofauti. Haielezi yote.

Mwili: mita 1.75, kilo 79. Urefu si shida. Barry Sanders alikuwa na takriban mita 1.73, vyuo vingi vikamdharau kwa udogo wake alipokuwa shule ya upili Wichita, akaenda Oklahoma State na mwaka 1988 akakimbia yadi 2,628 na kushinda tuzo ya Heisman. Kwa hivyo wanaotathmini hukosea, tena vibaya. Ila Sanders alikuwa na kilo zaidi ya 90. Kijana wetu anahitaji kilo kumi za misuli, na chakula cha kujenga misuli si ugali na sukuma peke yake, gharama ambayo wakala hakuitaja.

Waafrika waliofanikiwa wapo. Christian Okoye alitoka Nigeria mwaka 1982 kwenda chuo cha Azusa Pacific kurusha kisahani. Futiboli aliianza akiwa na miaka 23. Kansas City Chiefs wakamchukua 1987, na 1989 aliongoza NFL nzima kwa yadi 1,480. Lakini tazama: alienda kwa ufadhili wa riadha, futiboli ikamkuta huko huko. Na alikuwa na kilo karibu 118.

Mkenya wetu, Daniel Adongo, alitoka kwenye raga ya kulipwa akasajiliwa na Indianapolis Colts 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huo hata siku moja. Desemba mwaka huo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza NFL. Hakuwa raningibeki, alikuwa mkabaji, na 2015 akaachwa. Na anayefanana zaidi na kijana wa Gataka ni Christian Wade, winga wa Uingereza, mmoja wa wafungaji hatari wa trai katika ligi yao. Aliacha raga 2018 kuwa raningibeki wa Buffalo Bills. Agosti 2019, mara ya kwanza kabisa kuguswa na mpira katika mechi ya kujipima, alikimbia yadi 65 hadi mwisho. Mtandao ukalipuka. Baada ya hapo hakuwahi kucheza hata mechi moja ya msimu wenyewe. Louis Rees-Zammit wa Wales alijaribu 2024, na 2025 akarudi raga. Kama mawinga wa kimataifa wanahangaika hivyo, kijana aliyetoka shule ya kutwa aambiwe ukweli mapema.

Na nafasi zenyewe zimebana. Tangu makubaliano ya mahakama ya Juni 2025, vyuo vinavyoshiriki mpango huo vimewekewa kikomo cha wachezaji 105 kwenye timu ya futiboli. Zamani wengine walibeba zaidi. Tena makocha siku hizi wanapenda kuchukua mchezaji wa miaka 21 anayehama kutoka chuo kingine kuliko kumlea mtoto wa shule ya upili. Wakimchukua mtoto, watachukua wa Texas au Georgia aliyevaa helmeti tangu akiwa na miaka saba.

Halafu kuna karatasi. NCAA hutaka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama 2.3 kwa daraja la kwanza, na cheti chako cha KCSE hupitiwa na kituo chao. Huko usajili una ada, lakini unailipa mwenyewe kwenye tovuti yao. Ukishakubaliwa na chuo, unalipa Dola 350 za SEVIS na Dola 185 za viza, zote kwa serikali ya Marekani. Hakuna mahali pa Sh60,000 za nyota tatu. Nyota hizo hutolewa na mashirika kama 247Sports na Rivals baada ya kutazama wachezaji, na mchezaji hazinunui. Zipo kampuni kule zinazolipisha familia kumtangaza mtoto wao, na ni biashara halali, lakini hata hizo haziwezi kukuuzia nafasi timuni. Nikamwambia kijana amuulize wakala maswali mawili: ni kocha gani wa chuo gani ameiona video, na barua pepe ya chuo ya kocha huyo ni ipi? Alituma pale pale. Tiki mbili za buluu. Kimya.

Tukarudi kwa mama. Giza lilikuwa linaingia na taa za steji zimewaka.

"Kama winga, yuko sawa kabisa," nikamwambia. "Kama raningibeki wa chuo kikubwa, leo hii, hatoshi. Ana kitu kimoja kizuri sana na vitatu ambavyo hajawahi kufundishwa. Mlango ulio karibu naye zaidi ni riadha. Akipunguza muda wake wa mita 100 kwenye mashindano yenye mashine, chuo kidogo kinaweza kumwangalia kama mkimbiaji, kama Okoye na kisahani chake. Ama aende klabu ya raga hapa hapa."

Hakufurahi. Mzazi gani angefurahi? Alinyamaza, akahesabu chenji ya mteja, kisha akamgeukia mwanawe.

"Hiyo pesa ya chama nitairudisha kesho. Wewe hiyo alama yako ya Hisabati ilikuwa gani tena?"

"D plus, Mama."

"Na huyo mtu wa Marekani hakuuliza hiyo?"

Hakuwa ameuliza. Jumatatu iliyofuata kijana alinitumia klipu mpya, sekunde tisa, bila muziki: anakimbia ukingo wa kushoto, mpira mkono wa kushoto, mdogo wake akimfukuza kutoka kulia na mto wa kochi. Wakala bado hajajibu.