Injini ya boti ya mtumba: angalia kutu kabla hujatoa hela



Swali ninaloulizwa sana na vijana hapa Mwanza siku hizi ni moja: "Kaka, tumepata injini ya mtumba, bei poa, tuchukue?" Wengi wako kwenye vikundi na hela yenyewe ni ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu). Mkopo hauna riba, sawa, lakini unarudishwa. Injini ikifa mwezi wa pili, deni halifi nayo. Na hapo bado sijataja kufia katikati ya ziwa lenye karibu kilomita za mraba 68,800, usiku, dhoruba imeanza.

Kwanza tuondoe imani moja. Sisi watu wa ziwani tunapenda kusema maji yetu ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo injini hailiwi. Ni kweli nusu. Injini unayoonyeshwa Kirumba inaweza kuwa imefanya kazi miaka kumi Dar, Tanga au Unguja, au imeshushwa kwenye kontena kutoka nje. Chumvi ilishakula njia za maji ya kupoza zamani. Ukiileta ziwani chumvi itasafishika, ila mashimo iliyochimba hayazibiki.

Pili, kuna injini iliyozama. Boti limepinduka, injini imelala chini ya maji, ikatolewa, ikapigwa rangi, ikaingia sokoni. Hii ni hatari kuliko ya chumvi kwa sababu nje inang'aa. Ndani kuna beringi na shafti za chuma. Ikitolewa majini, hewa na unyevu vinakutana na chuma, na kutu inaanza ndani ya saa chache kama haikukaushwa na kumwagiwa oili siku hiyohiyo.

Sasa ukienda kuangalia, fuata mpango huu:

1. Ikute ya baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa kichwa cha injini. Kama kina moto, jiulize kwa nini imebidi ipashwe.

2. Angalia rangi. Mwili wa injini hizi ni aluminiamu, haitoi kutu nyekundu, inatoa unga mweupe. Rangi ikivimba malengelenge, chini yake unga unafanya kazi. Rangi mpya kabisa kwenye injini ya zamani isikufurahishe, ikutie mashaka.

3. Angalia bolti na nyaya. Bolti ya chuma ndani ya aluminiamu ndipo ulaji unapoanzia. Omba fundi afungue bolti chache, hasa za kava la thamostati. Zikikatika au zikitoka na unga mweupe, ujue njia za maji nazo ziko hivyohivyo. Vichwa vya nyaya vikiwa na ukijani, umeme utakusumbua.

4. Angalia kile kipande cha madini kilichofungwa chini karibu na panga boi. Kazi yake ni kuliwa badala ya injini. Kama kimekwisha na hakikubadilishwa, mwenyewe hakuwa anatunza. Na kama ni cha zinki, kwenye maji baridi hakifanyi kazi vizuri, kinajifunika gamba. Maji baridi yanataka cha magineziamu.

5. Fungua oili ya gia. Legeza skrubu ya chini taratibu. Yakitangulia maji, au oili ikawa nyeupe kama chai ya maziwa, sili zimekwisha na maji yameshaingia kwenye gia.

6. Pima kompresheni. Toa plagi, weka geji kila silinda. Namba zinatofautiana injini na injini, muhimu zikaribiane. Moja ikisoma 120 na nyingine 90, kaa mbali. Plagi yenyewe ikiwa na kutu, uliza ilizama lini, usiulize kama ilizama.

7. Iwashe kwenye pipa la maji. Nyuma kuna kitundu kinachorusha maji. Yakitoka kwa nguvu, ujue pampu ni nzima. Ila hiyo si ushahidi kwamba njia zote za maji ziko wazi, na hapa ndipo wengi wanapigwa. Iache ingurume dakika 15, kisha ipeleke majini ikiwa na mzigo nusu saa, karibu na ufuko, na kasia na jaketi okozi mkononi. Injini iliyoziba ndani itachemka ikibebeshwa mzigo. Ikichemka gasketi inaungua, na baada ya hapo inanoki.

Sio kila kutu ni ya kukimbia. Mafundi wanatofautisha kutu ya sura na ya roho, na mimi nimeona ni kipimo kizuri. Kutu kwenye mkono wa usukani, kwenye kava au kwenye bolti za nje ni sura: tumia kushusha bei. Kutu kwenye njia za maji, uso wa silinda, nyuzi za bolti na beringi ni roho: ondoka, hata kama ni bei ya kutupa. Impela ya pampu, plagi na thamostati vibadilishwe kwa vyovyote, kwa hiyo gharama yake itoe kwenye bei mnayokubaliana.

Jambo la mwisho, ambalo halihusu kutu ila linaweza kukutia ndani. Wavuvi wa ziwa hili wameporwa injini sana. Soma namba ya injini. Ikiwa imesuguliwa, au eti "imeliwa na kutu" wakati vyuma vya jirani ni vizima, hiyo si kutu, hiyo ni tupa. Dai risiti, muandikishane mbele ya viongozi wa BMU au serikali ya mtaa.

Na muuzaji akikataa fundi wako asifungue hata bolti moja, ameshakujibu. Injini nzima haiogopi spana.

Mafundi wa Kirumba, Igogo na Igombe, mkipita hapa msinyamaze. Palipopungua ongezeeni, vijana wapone.

Nawakilisha.