Mtihani Uliofichwa na Kosa Lililofichuka

Watahiniwa wa KCSE wakishaweka kalamu chini, haichukui muda mrefu kabla ya karatasi za maswali kuenea madarasani. Mwalimu huzichambua, naye mwanafunzi wa mwaka unaofuata huzifanyia mazoezi. Si ajabu basi Mkenya anayetaka kusomea Marekani akishangaa kuambiwa kwamba maswali ya SAT aliyoyajibu jana hatayaona tena.

Je, hii ni hila? La hasha. KCSE hutungwa upya kila mwaka. SAT hufanywa mara kadhaa kwa mwaka, na alama 600 za Mei sharti ziwe na uzito sawa na 600 za Oktoba. Ili kuzilinganisha, watahini hutegemea maswali ambayo ugumu wake umekwisha kupimwa kwa watahiniwa wa awali. Swali kama hilo likivuja, halipimi tena uwezo bali kumbukumbu. Tangu mtihani huu uhamie kwenye kompyuta, mwaka 2023 nje ya Marekani na 2024 nchini humo, maswali huteuliwa kutoka hazina inayolindwa, na siri imezidi.

Hata hivyo, siri ina gharama yake. Mwaka 1979 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwapa watahiniwa haki ya kuona maswali na majibu yake. Waandalizi walilalamika. Kisha mtihani wa PSAT wa Oktoba 1980 ukauliza: piramidi ya pembetatu ikigandishwa kwenye piramidi ya kitako cha mraba, umbo linalotokea lina nyuso ngapi? Watahini walisema 7. Kijana mmoja wa Florida, majibu yalipotolewa, alishikilia kwamba ni 5, kwani nyuso nne huungana mbilimbili zikawa bapa moja moja. Mwaka 1981 waandalizi walikiri kwamba kijana ndiye aliyepatia. Laiti karatasi ingefungiwa kabatini, nani angelijua?

Sisi walimu wa lugha twafahamu jinsi neno moja tata linavyoweza kulipa swali majibu mawili halali. Mtahini naye ni binadamu. Kwa hivyo, maswali yatakayotumiwa tena na yahifadhiwe, lakini sehemu ya mitihani ifunguliwe kila mwaka ichunguzwe hadharani. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Na mtahini afichaye kila kitu hazai imani.