Kisu cha Ala: Msamiati wa Mkusanyaji wa Visu vya Kale

Ilikuwa siku ya soko mjini Kasulu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ametundika mizani yake kwenye tawi la mwembe. Chini ya mizani palikuwa na rundo: majembe yaliyolika hadi karibu na msuka, kipande cha springi ya lori, fremu ya baiskeli na, juu ya vyote, chombo kimoja chenye chuma kilichopinda nchani kama mdomo wa ndege. Mpini wake ulikuwa umegeuka mweusi kwa kushikwa miaka mingi. Kijana aliyekileta alisema ni “panga la zamani la babu”. Mizani haijatulia, babu mwenyewe akatokea, akakinyanyua na kusema kwa sauti ya chini: “Hili si panga, mjukuu wangu. Huu ni umuhoro.”

Mnunuzi hakubishana, na umuhoro ukarudi nyumbani. Hata hivyo tukio lile limenikaa moyoni, kwa sababu chombo kile kilipotajwa kuwa panga bovu kilistahili bei ya kilo moja ya chuma tu. Kilipotajwa kwa jina lake, kiliacha kuwa chuma chakavu. Katika nyanda za juu za Kigoma visu na zana za namna hii huondoka kwa njia mbili. Vingine huenda kuyeyushwa. Vingine huchukuliwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, ambao huvitunza vizuri lakini huvibandika maneno “kisu cha kienyeji, Kigoma” na kuishia hapo. Makala haya yamekusudiwa kwa wakusanyaji hao, na kwa yeyote anayetaka kukitaja kisu cha mwindaji au cha mvuvi kwa Kiswahili kilicho sahihi.

Kisu, jisu, kijisu

Mzizi wa neno kisu ni -su, na kiambishi ki- ni cha ngeli ya KI-VI. Kwa kuwa mzizi una silabi moja, hali ya ukubwa huundwa kwa ji-: jisu, wingi majisu. Udogo wake ni kijisu, wingi vijisu. Mpango huu ni uleule wa mti, jiti na kijiti. Neno “likisu”, linalosikika mitaani, limebeba kiambishi cha ukubwa juu ya kile cha umoja, na halifai katika maandishi rasmi. Ikumbukwe pia kwamba jisu mara nyingi huwa na harufu ya kubeza au kutisha. Mkusanyaji anayetaka kueleza urefu tu aandike “kisu kirefu” na kutaja sentimita zake.

Kisu cha ala na kisu cha kukunja

Visu vimegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kipo kisu ambacho chuma chake hujikunja na kujificha ndani ya mpini. Hiki kila mtu hukiita kisu cha kukunja. Kipo pia kile ambacho chuma chake kimekazwa kwenye mpini na hakisogei. Kundi hili la pili ndilo kongwe zaidi, na kwa sababu ndilo la kawaida, wasemaji hawakuhitaji kulipa jina la pekee: lilikuwa kisu tu. Haja ya jina ilikuja pamoja na kisu cha kukunja.

Watafsiri wamejaribu “kisu cha kudumu”, lakini msomaji huelewa kuwa ni kisu kisichochakaa upesi. Pendekezo langu ni kisu cha ala. Mwindaji na mvuvi husafiri na kisu kiunoni. Kwa kuwa chuma hakikunjiki, hakina budi kuvikwa ala. Kisu cha jikoni nacho hakikunjiki, lakini hakisafiri, na tayari kina jina lake.

Neno ala lenyewe linahitaji uangalifu, kwa kuwa yapo maneno mawili yanayotamkwa sawasawa. La kwanza ni mfuko, aghalabu wa ngozi au wa mti, wa kutilia kisu, sime au upanga. Ndilo tulipatalo katika “akachomoa kisu alani”. La pili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kifaa: ala za muziki, ala za matamshi. Anayeandika “kisu na ala zake” ajiulize kama msomaji atafikiria mfuko au vifaa vya kunolea.

Viungo vya kisu

Maelezo mengi ya wakusanyaji hukwama katika maneno mawili, mpini na makali. Kiswahili kina zaidi ya hayo:

– Kengee: chuma chote kinachokata, kuanzia kwenye mpini hadi nchani.
– Bapa au ubapa: upande mpana wa kengee. Alama ya mhunzi, ikiwapo, hutafutwa hapa.
– Makali: ukingo unaokata. Neno hili hutumika katika wingi: makali yameisha, makali yanang’aa.
– Ncha: mwisho uliochongoka.
– Msuka: sehemu nyembamba ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Jembe, shoka na kisu vyote huwa nayo.
– Noleo: pete ya chuma au shaba inayokaza mpini mahali msuka unapoingilia, ili mti usipasuke.
– Mpini: mahali pa kushikia. Kwa kisu kidogo husemwa pia kipini, neno ambalo vilevile ni pambo la puani.

Maneno msuka na noleo yanastahili kufufuliwa, kwa sababu viungo hivyo viwili ndivyo vinavyosema mengi kuhusu umri wa kisu. Mpini hubadilishwa mara kwa mara na makali hulika kwa kunolewa, ilhali msuka hubaki kama mhunzi alivyouacha.

Wazee wana namna nyingine nzuri ya kueleza ubora wa kisu: husema kisu kinapata, yaani kinakata sawasawa. “Kisu hiki hakipati” si sentensi iliyokosa yambwa. Ni Kiswahili fasaha kwa kisu kilicho butu.

Kisu huitwa kwa kazi yake

Wilaya za Kasulu na Kibondo zinapakana na mabonde ya Malagarasi na Moyowosi. Ardhioevu hiyo, yenye hekta 3,250,000, iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa eneo la kwanza la Tanzania kuorodheshwa. Katika nchi ya mito, mabwawa na mapori, kisu cha mvuvi na kisu cha mwindaji ni ndugu waliolelewa nyumba moja, na tofauti yao huonekana katika kitenzi.

Kanuni ni kwamba jina la kifaa huundwa kwa kauli ya kutendea. Kuchuna ni kutoa ngozi, kwa hiyo tunapata kisu cha kuchunia. Kuchinja hutupa kisu cha kuchinjia. Kupara magamba hutupa kisu cha kuparia, na kutumbua samaki hutupa kisu cha kutumbulia. Katika mazungumzo wengi hukata njia na kusema “kisu cha kuchinja”, na hakuna anayepotea. Lakini linganisha “kisu cha kunoa” na “jiwe la kunolea”. Cha kwanza ni kisu kinachosubiri kunolewa. La pili ndilo linalonoa, na jina lake lingine ni kinoo. Hapa kiambishi kimoja kimebadilisha mtendwa kuwa kifaa. Katika lebo, basi, kauli ya kutendea isiachwe.

Kitenzi pia hulinda umbo lisitafsiriwe vibaya. Kisu cha kuchunia huhitaji tumbo la mviringo kwenye makali, ili ncha isitoboe ngozi. Kisu cha kutumbulia huwa chembamba chenye ncha kali. Mkusanyaji aliyeuliza “kilifanya nini?” kabla ya “kina umri gani?” huwa ameanza vizuri. Chusa na munda visiingizwe katika orodha hii, ingawa ni zana za uvuvi na uwindaji: hizo ni silaha za kuchomea zenye mti mrefu, si visu.

Upanga, panga na umuhoro

Turudi sokoni. Upanga, wingi panga, ni silaha ya vita. Panga, wingi mapanga, ni zana ya shambani na porini, na limetokana na upanga kwa kuhamishiwa ngeli ya LI-YA, ambayo ni makao ya ukubwa. Kwa hiyo “panga zimenolewa” na “mapanga yamenolewa” si sentensi moja.

Umuhoro ni chombo kingine. Jina hilo linapatikana katika Kirundi na Kinyarwanda, ndugu wa karibu wa Kiha, kwa zana yenye kengee iliyopinda kuelekea nchani. Kiswahili kinayo jamaa yake, mundu. Sauti za lugha hizo zina ushahidi wa kuvutia. Penye p ya Kiswahili, Kirundi huwa na h katika maneno ya urithi: pembe ni ihembe, mpini ni umuhini. Lakini panga huitwa umupanga, na p yake imebaki. Lingekuwa neno la urithi, tungetazamia h. Kubaki kwa p kunaonyesha kwamba neno hilo lilipokewa kutoka Kiswahili baada ya badiliko hilo la sauti kukamilika, wakati umuhoro halina dalili hiyo ya ugeni.

Hii haina maana kwamba hapakuwa na chuma kirefu cha kukatia kabla ya neno panga kufika. Buha ilikuwa nchi ya wahunzi kabla ya ukoloni, na uhunzi haukungoja msamiati wa pwani. Lakini mzee yule alipokataa neno la mjukuu wake, alikuwa anatenganisha tabaka mbili za historia, na alifanya hivyo kwa konsonanti.

Katika masoko ya Kasulu na Kibondo husikika Kiha, Kirundi na Kiswahili cha Kongo. Jina unalopewa na muuzaji huenda lisiwe la mahali chombo kilikofuliwa. Andika jina, kisha andika lugha ya aliyekuambia.

Majirani wa mbali

Visu vingine hufika Kigoma kwa biashara au safari, na visipewe uraia usio wao. Sime ni ya makali pande mbili, pana kuelekea nchani, na hujulikana zaidi kwa Wamaasai na Wakamba. Jambia limetoka katika Kiarabu na limepinda. Huko Oman ndugu yake, hanjari, yumo katika bendera ya taifa, na ufundi wake uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022. Kotama ni kisu cha mgema. Shembea nacho kimepinda, lakini si jina la jumla la kila kisu kilichopinda.

Maneno mawili ya kuchunga

La kwanza ni pua. Zamani pua, au chuma cha pua, ilikuwa chuma kigumu kinachoshika makali, hata kama kinapata kutu. Leo madukani chuma cha pua ni kile kisichoshika kutu, cha masinki na sufuria. Kisu cha kale kilichofuliwa kwa springi ya lori ni cha pua kwa maana ya kwanza, si kwa ya pili. Eleza unayoikusudia.

La pili ni nyara. Katika lugha ya kila siku ni mateka au kitu kilichotekwa. Katika Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ni mnyama au sehemu yake, kama vile pembe, jino na ngozi. Kisu chenye mpini wa pembe ya ndovu, hata kiwe cha babu, kinaweza kumfikisha mwenyewe mahakamani asipokuwa na kibali.

Lebo iliyo kamili

“Kisu cha kienyeji, Kigoma” ni maneno manne yasiyomsaidia mtu. Lebo nzuri hueleza jina na lugha yake, kazi kwa kauli ya kutendea, viungo, mahali na msemaji. Baada ya siku ile ya soko niliomba ruhusa ya kumtembelea mzee. Hakuuza umuhoro wake, wala sikumwomba. Niliupima, nikamsomea nilichoandika, naye akanisahihisha mara mbili. Hivi ndivyo karatasi ilivyobaki:

“Umuhoro (jina la mwenyewe, kwa Kiha). Zana ya kukatia matawi na kufyekea njia porini. Kengee imepinda nchani. Bapa halina alama. Mpini wa mti, umebadilishwa mara moja; msuka ni wa asili; noleo limepotea. Kasulu. Hauuzwi.”

Neno la mwisho aliliongeza yeye.