Lori la Plastiki na Chukudu ya Mbao: Kivu Inavyoweza Kuingia Soko la Magari ya Kuunganisha

Lori la Scania au Mercedes la kampuni ya Italeri ya Italia, kwa kipimo cha 1:24, huuzwa Ulaya kwa euro 50 hadi 80 hivi. Mnunuzi hufungua boksi akakuta vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu zake, matairi madogo ya mpira, karatasi ya stika na kijitabu cha maelekezo. Gundi na rangi anajinunulia. Kisha hukaa mezani wiki kadhaa, akikata, akisugua kwa msasa, akipaka na kubandika, mpaka lori lisimame kwenye kabati la kioo.

Kwa fedha inayokaribiana na hiyo, kabla ya waasi wa M23 kuingia Goma Januari 2025, mtu wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, alipata chukudu nzima: chombo cha mbao cha magurudumu mawili, chenye usukani mrefu na breki ya kipande cha tairi, kinachobeba kilo 400 na zaidi za viazi, makaa au saruji. Chukudu hiyo ingemlisha mwenyewe na watoto wake kwa miaka miwili au mitatu kabla ya kuchakaa.

Bei hizi mbili zinastahili kutazamwa pamoja na kila mfanyabiashara wa Goma, na hata na mpasua mbao wa Mpofi, kule Masisi inakopakana na Walikale. Plastiki yenyewe haina thamani ya euro 60. Kinacholipiwa ni mchoro, usahihi wa vipimo na saa za raha ambazo mnunuzi atazitumia kuunda kitu kwa mkono wake. Mbao na mikono Kivu inayo. Mchoro bado.

Historia ya biashara hii inaonyesha kwamba ilianza bila kukusudiwa. Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria, ilikuwa ikitengeneza vitu vya kuchezea vya kujaza hewa na baadaye vitana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikapata oda kutoka kwa watengenezaji wa trekta la Ferguson, waliotaka trekta dogo la plastiki wawape mawakala wao wa mauzo. Kuliunganisha kiwandani kulikula saa nyingi za vibarua. Kwa hiyo trekta likauzwa pia madukani likiwa vipande, mnunuzi aliunganishe mwenyewe. Hapo ndipo hesabu iligeuka: kazi iliyokuwa gharama kwa kiwanda ikawa starehe kwa mteja, tena starehe anayoilipia.

Marekani nako njia ilikuwa ya matangazo. AMT ya Michigan ilianza mwaka 1948 kwa kutengeneza magari madogo ya alumini kwa ajili ya mawakala wa Ford, ambao waliyatumia kuwaonyesha wateja sura ya gari jipya. Mwaka 1958 ikatoa maboksi ya kipimo cha 1:25 yenye vipande vya ziada, ambayo kijana angeweza kuyaunda kwa namna tatu: gari kama lilivyotoka kiwandani, gari lililorembwa, au gari la mashindano. Boksi moja, chaguo tatu. Ni akili ya biashara ambayo haijachakaa mpaka leo.

Lakini kampuni ambayo watu wa Masisi wangefaa kuisoma kwa makini kuliko zote ni Tamiya ya Japani. Mwaka 1946, nchi ikiwa bado magofu ya vita, Yoshio Tamiya alianzisha mjini Shizuoka biashara ya kupasua na kuuza mbao za ujenzi. Mwaka uliofuata akaongeza idara ndogo ya kutengeneza meli na ndege za mbao za kuunganisha. Mwaka 1953 kampuni ikaacha kabisa kuuza mbao za ujenzi na kubaki na modeli peke yake. Plastiki ilikuja baadaye, na modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato, ilitoka mwaka 1960. Maana yake ni kwamba kampuni inayoongoza kwa sifa duniani kwa usahihi wa vipande vyake ilitoka kwenye msumeno na vumbi la mbao. Iligundua kwamba ubao ukigeuzwa vipande vidogo vyenye mchoro unaleta fedha nyingi kuliko ukiuzwa kwa mita. Leo Shizuoka ndio mji mkuu wa biashara hii. Aoshima na Hasegawa nazo ziko mkoa huo huo, na kila Mei hufanyika maonyesho yanayowakutanisha wanunuzi na mashabiki kutoka nchi nyingi.

Plastiki ina mlango mzito wa kuingilia. Kalibu ya chuma ya kumiminia vipande vya gari moja hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na mara nyingi zaidi. Juu yake kuna mrabaha wa kuilipa kampuni ya gari halisi ili jina na nembo vitumike. Ndiyo sababu kalibu ya zamani huhama kutoka kampuni hadi kampuni, na boksi jipya dukani laweza kuwa na vipande vilivyochongewa kalibu miaka hamsini iliyopita. Hata wakubwa huanguka. Airfix ilifilisika mwaka 1981, na baada ya kupita mikononi mwa wamiliki wengine, mwaka 2006 ilinunuliwa na Hornby. Hobbico, mmiliki wa kampuni ya modeli ya Revell, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2018, na Revell ikauzwa kwa wawekezaji wa Ujerumani. Wateja walio wengi sasa ni watu wazima wenye mishahara, wanaotafuta gari walilolipenda ujanani, na wako tayari kulipa vizuri kwa kitu ambacho hawajakiona kokote. Hapo ndipo penye nafasi ya mgeni.

Na mgeni aliyeingia kwa mbao yupo. Kampuni ya Ugears ya Ukraine ilianza mwaka 2014 na kujitangaza duniani kupitia mchango wa wateja kwenye tovuti ya Kickstarter mwaka 2015. Inauza vipande vya plaiwudi vilivyokatwa kwa leza, ambavyo huunganishwa bila gundi, na miongoni mwa bidhaa zake za mwanzo limo lori. Haikuhitaji kalibu ya chuma. Ilihitaji mchoro kwenye kompyuta, mashine ya kukatia, plaiwudi nzuri na boksi la kuvutia. Tangu uvamizi wa Urusi wa Februari 2022, kampuni hiyo imeendelea kuuza nje bidhaa zake kutoka nchi iliyo vitani. Nawaomba wanaosema kwamba Kivu isubiri amani kamili kabla ya kufikiria viwanda wautazame mfano huo.

Afrika Mashariki yenyewe imeshaingia kwenye maboksi, ila kama mandhari. Mashindano ya magari ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyapa magari ya Japani sifa ambayo pesa ya matangazo isingeweza kuinunua. Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann inauzwa na Hasegawa kwa kipimo cha 1:24, pamoja na stika za namba na wadhamini wake. Tope ni letu, mchoro wa Shizuoka. Aoshima nayo hutengeneza malori ya Fuso ya kipimo cha 1:32, yaliyopambwa kwa taa na picha kama yanavyopambwa na madereva wa Japani. Fuso hilo hilo, likiwa kuukuu, limejaa maharage, bia na abiria waliokaa juu ya mzigo, ndilo linalopigana na utelezi wa barabara za Masisi. Sijaona boksi la Fuso la namna hiyo, na nina hakika lingepata wanunuzi.

Tuje nyumbani. Watoto wa milima ya Kivu Kaskazini huunda magari kwa chochote kilichopo: waya, makopo ya mafuta, bati, magurudumu yaliyokatwa kutoka kwenye kandambili zilizokatika. Wengine huchonga chukudu ndogo za kimo chao na kuzitumia kweli, kuchotea maji au kuteremka mteremko kwa furaha. Hawa ndio wabunifu wa kwanza wa biashara hii, na hakuna anayewahesabu.

Chukudu ya watu wazima ilienea tangu miaka ya 1970, dola ya Mobutu ilipodhoofika na usafiri ukawa mgumu. Hutengenezwa kwa mti mgumu wa mumba na kwa mkaratusi, magurudumu yakivalishwa mpira wa matairi ya zamani. Goma imeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, iliyozinduliwa mwaka 2009 na Rais Joseph Kabila. Wachongaji wa mjini huuza chukudu ndogo za mapambo kwa wageni. Kwa hiyo bidhaa ipo, jina lipo, na hadithi yake haina mfano duniani. Zaidi ya hayo, hakuna kampuni ya Stuttgart wala Tokyo itakayodai mrabaha wa chukudu.

Kasoro ni kwamba chukudu hizo za mapambo huuzwa zikiwa zimekamilika, kila moja na vipimo vyake, bila boksi wala maelezo. Mkusanyaji wa modeli hanunui hivyo. Anataka kujua ni kipimo gani. Chukudu ya mita mbili kwa kipimo cha 1:10 iwe sentimita ishirini kamili, gurudumu, usukani na ubao wa kukalia goti vyote vikifuata uwiano huo huo. Anataka vipande vyenye namba, gunia dogo la kupakia, kipande cha mpira cha breki na ukurasa unaomweleza nani huiendesha na wapi. Anataka pia kuiunda mwenyewe, na hapa mafundi wetu hufanya kazi ya bure: wanamalizia kile ambacho mteja angelipa zaidi kukimalizia.

Kuna somo jingine kutoka kwa Mkongo mmoja. Bodys Isek Kingelez, aliyefariki mwaka 2015, aliunda Kinshasa miji midogo ya kubuni kwa karatasi, kadibodi na vifungashio vya bidhaa. Mwaka 2018 makumbusho ya MoMA ya New York yalimfanyia maonyesho makubwa. Malighafi yake ilikuwa taka na makaratasi. Thamani ilitoka kwenye umakini wa kazi, jina la muundaji na kumbukumbu zilizoandikwa juu ya kila kipande.

Sasa swali la Mpofi. Mbao ziko huko, lakini kuzifikisha sokoni ni balaa. Barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale huharibika kwa mvua, na maeneo hayo yamebadilisha watawala kwa mtutu. M23 waliingia Walikale-centre Machi 2025, wakaondoka mapema Aprili. Hata katika miaka tulivu kidogo, vizuizi vya barabarani vilikuwa mzigo. Taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu karibu vizuizi 800 katika Kivu mbili, kwenye ripoti yake ya mwaka 2017. Katika barabara ya namna hiyo, anayesafirisha mbao ndefu kwa lori anaonekana mbali na analipa kila kituo. Anayesafirisha vibao vidogo vilivyokwisha kukaushwa na kukatwa, ndani ya gunia, nyuma ya pikipiki, anabeba thamani kubwa kwa uzito mdogo na kuacha kijijini maganda na mabaki yasiyo na bei.

Kwa hiyo mgawanyo wa kazi uko wazi. Mpofi na vijiji jirani vikaushe na kukata vibao, kazi inayohitaji misumeno, kivuli na subira, maana mkaratusi ukikaushwa haraka hupasuka na kujikunja, na kipande kilichojikunja milimita mbili hakiingii kwenye tundu lake. Kukata kwa mashine kufanyike Goma, ambako umeme wa maporomoko kutoka Matebe, kituo cha Virunga kilichozinduliwa mwaka 2015, umewafikia maelfu ya wateja. Uchoraji wa kiufundi ufundishwe INPP, chuo cha serikali cha ufundi. Chaguo la mti nalo liwe la haki. Mkaratusi wa kupandwa, kama ule ambao WWF imewasaidia wakulima kupanda tangu mwaka 2007 kwa mradi wa EcoMakala, unatosha kwa kazi hii, wala hakuna sababu ya kukata mti mmoja ndani ya hifadhi ya Virunga kwa ajili ya mchezo wa mezani.

Fedha ni kikwazo kigumu zaidi. Benki za Goma zilifungwa baada ya mji kutekwa, na uwanja wa ndege ukafungwa pia. Biashara ndogo imeendelea kwa dola mkononi na kwa simu, bidhaa zikivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Oda ya kwanza ya kigeni, nadhani, itoke kwa ndugu zetu walioko Brussels, Nairobi na Kanada, ambao hawahitaji kuelezwa chukudu ni nini na wanaoweza kubeba maboksi kumi kwenye begi.

Wito wangu kwa wachongaji wa Goma ni huu. Chukueni chukudu moja nzuri, mpime kila sehemu yake, mchore mchoro wa kipimo cha 1:10, na mtie namba kwenye kila kipande. Tengenezeni maboksi mia moja tu ya mwanzo, kila moja likiwa na jina la kijiji mbao ilikotoka. Na wenye mitaji mjini wawalipe watu wa Mpofi kwa kibao kilichokauka vizuri bei inayopita ile ya kuni na makaa, malipo yakifanyika papo hapo, siku mzigo unapopokelewa.