Uyoga Usio na Jina Usiule

Mvua ikinyesha usiku kucha na asubuhi jua likatoka, watoto wa Nangara wanaotumwa kuni au kuchunga mbuzi hurudi na kitu ambacho hawakutumwa. Hurudi na uyoga. Sasa tuseme wewe ndiye mama wa nyumba hiyo. Mtoto anaingia mbio, anasema, "Shikamoo mama, tazama nilichokuletea!" Kabla hujabandika sufuria, utamwuliza nini?

Mama anayejua kazi haulizi kama uyoga ni mzuri. Anasema, "Marahaba mwanangu. Umeuchuma wapi?" Mtoto akijibu, mama anauliza la pili: "Unaitwaje?" Mtoto asipojua, na mama mwenyewe asipojua, na bibi akiitwa naye akatikisa kichwa, basi uyoga huo unatupwa. Hauliwi, hata ungekuwa unanukia namna gani.

Maswali hayo mawili, wapi na jina gani, ndiyo mazungumzo yetu ya leo. Ni elimu ya zamani sana, na bado inaokoa maisha.

NENO MOJA LA KISWAHILI, MAJINA MENGI YA NYUMBANI

Kiswahili chetu kinatumia neno moja tu: uyoga. Unaota kwenye kichuguu, uyoga. Unaota kwenye gogo, uyoga. Unaota kwenye samadi, uyoga vilevile. Lakini lugha za wakulima wanaoutafuta kila mwaka hazitosheki na neno moja. Waganda husema obutiko kwa uyoga, na ule mdogo mweupe unaochipua kwa maelfu wanauita obubaala. Tena kwao uyoga ni mwiko wa ukoo mzima, Ukoo wa Butiko, ambao watu wake hawauli.

Warundi huuita ubwoba, na Wabemba wa Zambia huuita bowa. Ukisikiliza vizuri utaona ni neno lilelile, limebadilika ulimi tu. Maana yake ni kwamba wazee wa Kibantu waliujua uyoga tangu zamani kabla ya kutawanyika. Chini ya neno hilo bowa, Wabemba wana majina mengine: tente ni mmoja, kabansa ni mwingine, chitondo ni mwingine. Mwaka 1980 wataalamu Pegler na Piearce walipouandika ule kabansa katika vitabu vya sayansi, waliupa jina la Lactarius kabansus. Unaona basi, jina la akina mama wa porini limeingia katika sayansi ya dunia nzima.

JINA LINATOKA WAPI?

Mwaka 2012 Dakta Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa utafiti wake alioufanya kwa majirani zetu wa kaskazini. Aliwahoji watu 150: Wamasai 50 wanaoishi kandokando ya Ngorongoro na Wakurya 100 wa kandokando ya Serengeti. Aliwaonyesha uyoga mbichi, uyoga mkavu na picha, akauliza majina na matumizi.

Aligundua kwamba majina yanafuata njia mbili. Njia ya kwanza ni mahali uyoga unapoota. Njia ya pili ni umbo lake. Aligundua pia kwamba wanaoutumia zaidi ni akina mama kuliko akina baba, na kwamba ujuzi wa kujua upi unaliwa na upi ni sumu unatokana na mambo ambayo wazee wameyaona na kuyafanya kwa mikono yao.

Kuna jambo moja hapo la kutufunza. Wamasai walijua kuupanga uyoga kwa majina, lakini kuula walikuwa hawana habari nao sana. Kwa hiyo jina halikuwekwa kwa ajili ya kula peke yake. Jina ni la kukumbuka, ni la kutibia, na pia ni la kukataa. Mtu anaweza kusema, "Huu naujua, na ndiyo maana siuli."

Na wala si Afrika peke yake. Wanahua, wenyeji wa asili wa Meksiko, huuita uyoga nanacatl, neno linalofanana na nacatl, yaani nyama. Mmoja wanauita cuauhnanacatl, maana yake uyoga wa mti. Mwingine ni xochinanacatl, uyoga-ua. Bahari imetutenga nao, lakini njia zao ni zilezile mbili: mahali na umbo.

MAKUNDI MANNE YA KUKUMBUKA

Haya, tuugawe uyoga wetu kwa mahali unapoota, maana mahali ndipo pa kuanzia.

Kundi la kwanza ni uyoga wa kichuguu. Huu ndio unaopendwa kuliko wote. Mchwa wanaojenga vichuguu hawawezi kuyeyusha majani makavu na vijiti peke yao. Wanavitafuna, wanavipeleka chini, na juu yake wanaotesha kuvu. Hilo ni shamba lao, kama wewe ulivyo na shamba lako. Mvua zikija, kuvu hiyo hutoa uyoga unaopanda mpaka juu ya ardhi. Ndiyo maana ukiuchimba taratibu utakuta shina limeendelea chini kama mzizi mrefu, linashuka kuelekea chumba cha mchwa. Wataalamu huuita Termitomyces. Ulio mkubwa kupita wote unatoka Zambia, na kofia yake inaweza kufika upana wa karibu mita moja. Uyoga wa namna hii binadamu hajaweza kuulima shambani mwake. Mwenye kuuweza ni mchwa tu. Kwa hiyo ukikibomoa kichuguu kilichokuwa kinakupa uyoga kila mwaka, umebomoa shamba ambalo hukulipalilia wala hukulitia mbolea.

Kundi la pili ni uyoga wa ardhini chini ya miti hai, hasa miombo. Huu umefungana na mizizi ya mti. Mti unaupa uyoga sukari, na uyoga unausaidia mti kupata maji na chakula cha udongoni. Kata mti, na uyoga nao umekwisha. Hapa Babati tuna mfano mzuri wa msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, kiasi cha hekta 9,000. Katika miaka ya 1990 vijiji vinane vinavyouzunguka vilichukua jukumu la kuutunza vyenyewe kwa sheria ndogo zao. Mara nyingi watu wakitaja faida za msitu husema maji, kuni na nguzo. Ongeza na uyoga wa aina hii, maana hauoti penye visiki vitupu.

Kundi la tatu ni uyoga wa magogo na miti iliyokufa au inayokufa. Mwingine ni laini na unaliwa, mwingine ni mgumu kama ubao. Baadhi ya watu wa utafiti ule walikula ule wa manjano unaokaa kwenye mti kama rafu zilizopangana, unaoitwa Laetiporus. Ile migumu, kama Ganoderma, waliitumia kwa dawa na mambo ya imani. Uyoga unaolimwa majumbani leo, ambao wakulima wengi wanauita mamama, nao asili yake ni wa magogo. Ndiyo maana unakubali kuoteshwa kwenye mabua na majani makavu.

Kundi la nne ni uyoga wa malishoni, kwenye samadi, jalalani na kwenye nyasi za uwanjani. Hapa ndugu mkulima, fungua macho. Kuna uyoga mmoja mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia na pete kwenye shina. Unapendeza kuutazama, na watu huudhani ni wa kichuguu. Ukikomaa, zile kurasa zilizo chini ya kofia hugeuka rangi ya kijani iliyofifia. Lakini ukiwa mchanga kurasa hizo ni nyeupe tu, na hapo ndipo unapowadanganya watu. Kitaalamu ni Chlorophyllum molybdites. Ukiula, baada ya saa chache tumbo linakata, unatapika na kuharisha vibaya, na mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji mwilini upesi.

Kumbuka lakini: mahali ni swali la kwanza, si swali la mwisho. Uyoga mbaya unaweza kuota karibu na kichuguu, na mbaya na mzuri wanaweza kuwa chini ya mti mmoja. Baada ya mahali tazama umbo lote, toka kofia mpaka chini kabisa ardhini, ndipo utafute jina.

NENO "KWETU" LINA HATARI YAKE

Sasa tuje Nangara yenyewe. Mkoa wetu wa Manyara una jambo la ajabu ambalo mikoa mingi haina. Wairaki na Wagorowa wana lugha za Kikushi. Wabarbaigi wana lugha ya Kiniloti. Warangi na Wambugwe ni Wabantu. Na kule Yaeda Chini wapo Wahadzabe, wenye lugha yao ya peke yake. Hapa mjini tumechanganyika wote, pamoja na wageni waliotoka mikoa ya mbali, na tunazungumza Kiswahili. Ni jambo jema sana. Lakini tukifika kwenye uyoga, majina yote ya nyumbani yanamezwa na neno moja.

Ndipo utakaposikia jirani akimwambia mwenzake, "Chukua dada, huu kwetu tunakula." Hadanganyi. Kwao wanakula. Lakini je, huu aliouchuma hapa ndio ule wa kwao, au ni ndugu yake anayefanana naye?

Ushahidi upo. Katika jimbo la California, Marekani, wahamiaji kutoka Laos na nchi za jirani yake wamewahi kupatwa na sumu kali kwa kula uyoga waliodhani ni ule wa nyumbani kwao. Ulikuwa Amanita phalloides, unaoua kwa kuharibu ini. Kumbe ule tente wa Wabemba, unaoliwa pia katika nchi nyingine za miombo, nao ni wa jamii hiyohiyo ya Amanita! Wote wawili wana pete shinani na kikombe chini. Mmoja ni kitoweo, mwingine ni kaburi. Watu wa tente hawadhuriki kwa sababu wameujua mmoja huo, katika msitu huo, kwa vizazi vingi. Ujuzi huo ni wa mahali pake. Hausafirishwi kwenye kapu.

MAJARIBIO YA UONGO

Wako watu wanaosema, "Ukiona wadudu wameula, ni salama." Si kweli, konokono hula uyoga unaomwua mtu. Wengine huchemsha na kitunguu au sarafu, eti ikigeuka nyeusi ni sumu. Si kweli pia. Wengine husema ukichemsha sana sumu inatoka. Sumu ya ule Amanita phalloides haimalizwi na moto, wala kwa kuukausha. Hakuna jaribio la jikoni linaloweza kushika nafasi ya jina.

LA KUFANYA

Kwanza, chukua daftari la shule. Nenda kwa bibi, kwa shangazi, kwa mzee yeyote anayechuma uyoga hapa hapa. Kwa kila uyoga andika jina kwa lugha yake mwenyewe, halafu andika unaota wapi, pamoja na mti gani, mwezi gani, rangi ya chini ya kofia, na chini ya shina kuna nini. Andika pia majina ya ile isiyoliwa. Hayo yana thamani kuliko yote. Usingoje, maana bibi hatatungoja.

Pili, nenda porini pamoja naye na watoto wako. Uyoga hausomwi kwa kusimuliwa tu.

Tatu, usichanganye aina mbili kwenye kapu moja, wala usiuchume kwa kuukata juu. Uchimbe mzima, uone mpaka chini.

Nne, unapoununua sokoni, muulize mama anayeuza maswali yaleyale mawili. Akijibu "Ni uyoga tu," mshukuru, upite.

Tano, ukitaka uyoga bila wasiwasi, lima mamama kwa mbegu iliyotoka kwa mtu anayejulikana. Afisa ugani wako atakuelekeza.

Na mtu akiugua baada ya kula uyoga, mpeleke hospitali mara moja pamoja na wote waliokula naye, hata kama wao wanajiona wazima. Chukua na kipande cha uyoga uliobaki. Maumivu yakianza baada ya saa sita au zaidi, hiyo ni dalili mbaya zaidi, wala si nzuri. Na akipata nafuu siku ya pili msirudi nyumbani kwa furaha, maana sumu inayoharibu ini humwacha mgonjwa apumzike kidogo, kisha inarudi.

Ndugu mkulima, mvua zijazo mtoto ataingia tena mbio na uyoga mkononi. Mwulize wapi. Mwulize jina. Na kama jina halipo, mwambie kwa upole, "Tuutupe mwanangu, kesho tutamwuliza bibi."