Ulichanjwa Corona 2021? Mwili hausahau haraka

Juzi kwa kinyozi mtaani, msee mmoja alisema ile AstraZeneca tuliyodungwa 2021 ilikuwa kazi bure, kwani aliugua Corona miezi kadhaa baadaye. Watu wakacheka. Mimi nilinyamaza. Mathe ana kisukari, alikuwa amechanjwa, na Omicron ilipomshika nilikesha nikimsikiliza akipumua. Alipona akiwa nyumbani. Je, chanjo ilisaidia ama ilikuwa bahati tu?

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukue kama daktari. Lakini nimesoma, na mambo yako hivi.

Chanjo hiyo, ambayo shehena yake ya kwanza ya zaidi ya dozi milioni moja ilitua JKIA Machi 2021, hutumia virusi vya mafua ya sokwe. Wanasayansi wa Oxford waling'oa jeni inayoviwezesha kuzaliana, vikabaki kama mtu wa boda: analeta mzigo, basi. Mzigo wenyewe ni maelekezo ya kuunda ule mwiba wa kirusi cha Corona. Seli zako huuunda zenyewe, kisha huonyesha vipande vyake kwa nje ili kinga ya mwili ivisome.

Hapo vikosi viwili huamka. Kingamwili ni soja wa geti, huzuia kirusi kisiingie. Shida ni kwamba hupungua baada ya miezi, na Omicron ilikuja imebadilisha sura. Ndiyo maana hata waliochanjwa waliambukizwa.

Kikosi cha pili ni seli T. Hizi hazilindi geti. Husaka seli iliyokwisha kuvamiwa na kuiua kabla ugonjwa haujawa mbaya. Baadhi hubaki kama kumbukumbu. Waliougua SARS mwaka wa 2003 walipimwa miaka 17 baadaye, na seli T zao bado zilikijua kirusi kile. Huko Afrika Kusini, watafiti walipata kwamba asilimia 70 hadi 80 ya uwezo wa seli T za waliochanjwa ulidumu hata mbele ya Omicron.

Siwezi kuapa kwamba ndizo zilizomwokoa mathe. Ila sitacheka tena na wale wa kinyozi. Na kama mzazi wako ni mzee au ana kisukari, muulizie daktari kuhusu dozi ya nyongeza. Soja akisinzia, huamshwa.